Sindano za kushonea na mayai ya kienyeji

Juzi binti mmoja wa Himo kaniandikia. Kamaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na biolojia), kafaulu vizuri, lakini baba yake kasema chuo ni zamu ya kaka. "Dada, nina miaka 19, naona nimechelewa. Nifanyeje?" Nimekaa na ujumbe huo siku tatu. Umegusa kidonda.

Mwaka huu nimenyimwa ufadhili wa uzamili mara ya pili. Kwenye usaili mzee mmoja aliniuliza naolewa lini. Nikacheka. Hicho kicheko ndicho kinachoniuma mpaka leo, kuliko hata kunyimwa kwenyewe.

Usiku ule nilimsoma upya mwanasayansi Rita Levi-Montalcini, Myahudi mzaliwa wa Turin, Italia, 1909. Baba yake naye hakutaka binti asome chuo kikuu. Aliona kutamharibia ndoa. Rita akambana mpaka akalegea. Alihitimu udaktari 1936, na miaka miwili baadaye sheria za dikteta Mussolini zikawafungia Wayahudi milango ya vyuo. Akafanya nini? Chumba cha kulala akakigeuza maabara. Sindano za kushonea akazinoa, zikawa visu vya kupasulia viinitete vya kuku (vifaranga vinavyoanza kuumbika ndani ya yai), achunguze neva, yaani mishipa ya fahamu, zinavyokua. Mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia yalipozidi mjini akahamia shamba, akawa anatafuta mayai kwa wakulima.

Nikasema na mimi nijaribu, hapa hapa Moshi. Nikanunua trei dukani, nikaiweka kwenye boksi chini ya balbu. Siku ya nne napasua: ute na kiini, basi. Mama alicheka hadi akakaa chini. "Mwanangu, haya ya kisasa yana jogoo?" Shahada ya biolojia ninayo, jamani! Nikaenda soko la Mbuyuni, nikachukua kumi ya kienyeji. Safari hii nilipotoboa la kwanza, nikaona kijidoa chekundu kinadunda. Moyo. Nililia.

Rita alikwenda St. Louis, Marekani, kwa muhula mmoja, akakaa takriban miaka 30. Huko ndiko alikogundua protini inayofanya neva zikue. Nobeli waliipata 1986, yeye na Stanley Cohen. Alikuwa na miaka 77. Na wewe wa miaka 19 unaniambia umechelewa?

Mdogo wangu, mbane baba. Kwa adabu, lakini mbane. Fomu ya mkopo jaza sasa, usingoje ruhusa. Nyie wasichana wa siku hizi mkiambiwa hapana mara moja mnaingia chumbani na simu. Mbane tena! Na shangazi yako, yule unayesema baba anamsikiliza, mpigie leo jioni kabla baba hajarudi.