Maswali ya usajili: Kabla ya kumtambulisha mpya, mlipeni anayeondoka

Dirisha la usajili likikaribia, maswali yenu huja kwa wingi, na mengi yanauliza nani anakuja. Nimechukua machache yanayogusa fedha na mikataba, maana huko ndiko klabu zetu zinakoumia kila mwaka na huko ndiko mashabiki tunakonyamaza.

Kaka, yule straika tunayemsikia, ni kweli amemalizana na Simba? (Msomaji, Tabata)

Swali hili limeletwa na watu wengi, kila mmoja na jina lake la straika. Jibu ni moja kwa wote: mpaka ITC, yaani hati ya uhamisho wa kimataifa, iingie na jina lithibitishwe kwenye mfumo wa usajili, hajasajiliwa. Picha ya mtu uwanja wa ndege si mkataba. Nimeshaandika hivi mara nyingi, tafadhali lisirudi tena.

Shikamoo mwandishi. Huku ninakoishi timu za NFL (ligi ya mpira wa Kimarekani) zina kikomo cha mishahara. Kwa nini TFF wasiweke hicho hicho ili Simba na Yanga wasikusanye wachezaji wote wazuri? (Msomaji, Minneapolis)

Marahaba. Kikomo cha NFL kilianza 1994, na kwa msimu wa 2025 kila timu iliwekewa dola milioni 279.2. Lakini tazama kinachokishikilia. Timu ni 32 na hakuna inayoshuka daraja. Fedha za televisheni za kitaifa zinagawanywa sawa kwa wote. Kiwango chenyewe kinatokana na makubaliano na chama cha wachezaji. Na mchezaji akiukataa mshahara wa kule, hakuna ligi nyingine duniani itakayomlipa fedha za namna ile kwa mchezo ule.

Sisi mchezaji wetu akiambiwa bajeti imefika ukingoni, Cairo na Casablanca wako macho. Fiston Mayele aliondoka Yanga 2023 kwenda Pyramids, na mwaka 2025 akafunga kwenye marudiano ya fainali dhidi ya Mamelodi Sundowns, wakabeba Ligi ya Mabingwa Afrika. Aziz Ki naye akaenda Wydad 2025. Ukiweka kikomo Dar es Salaam peke yake, umezirahisishia kazi klabu za Afrika Kaskazini.

Ninachokiunga mkono ni kikomo cha aina nyingine, cha kila klabu kulingana na mapato yake yenyewe. Hispania wanafanya hivyo, na ndiyo maana Agosti 2021 Barcelona walishindwa kumwandikisha Lionel Messi ingawa mwenyewe alikuwa tayari kubaki. Kwetu, fedha ambayo klabu nyingi zina hakika nayo ni mgawo wa haki za televisheni wa Azam Media, kutoka ule mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6 uliosainiwa 2021, pamoja na udhamini ukipatikana. Klabu ya mkoani inaweza kukaa na kukokotoa mapato hayo kabla ya msimu kuanza. Basi ikiomba leseni ya kushiriki ligi, iambatanishe orodha ya mishahara ya miezi 12 na ionyeshe kila shilingi inatoka wapi. Isiyoweza kuonyesha isiruhusiwe kuongeza mchezaji hata mmoja. Masharti ya fedha yapo kwenye karatasi za leseni. Ninataka yang'ate, kwa sababu yasipong'ata, anayeumia ni beki wa pembeni ambaye kodi ya nyumba imeisha na watoto wako shule.

Na ile draft yao je? Timu ya mwisho ichague kwanza vijana wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. (Msomaji, Dodoma)

Hapana. Draft ni timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu; NFL wana raundi 7 na iliyofanya vibaya zaidi ndiyo huanza kuchagua, lakini wanaochaguliwa ni watu wazima waliotoka vyuo vikuu vyenye makocha, madaktari na viwanja. Mtoto wa UMISSETA bado yuko sekondari. Huwezi kumwambia kijana wa Mtwara kwamba klabu yake imepangwa kuwa ya Bukoba, apende asipende.

Ila umenifikisha kwenye jambo ninalotaka lisemwe kila mwaka: nani analipwa kwa kumlea huyo kijana? Mchezaji akiuzwa nje ya nchi kwa ada kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hiyo inakatwa na kugawiwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Mbwana Samatta alipita African Lyon na Simba kabla ya kwenda TP Mazembe 2011. Januari 2016 akaenda Genk, Januari 2020 akauzwa Aston Villa. Kwenye mauzo kama hayo kuna haki ya waliomlea, na tangu Novemba 2022 FIFA wana chombo maalumu, FIFA Clearing House, kinachosimamia malipo hayo kwa kufuata kumbukumbu za usajili wa mchezaji tangu utotoni.

Kumbukumbu, jamani. Mtoto aliyechezea timu ya mtaa miaka minne bila kusajiliwa popote, kwa mujibu wa mfumo hakuwahi kulelewa na timu hiyo. Kocha aliyemnunulia viatu na kumpa nauli hatapata hata senti. Wenye vituo vya vijana, waingizeni watoto kwenye mfumo wa TFF msimu huu, pamoja na tarehe zao sahihi za kuzaliwa. Wanaowapunguzia miaka waache, kwa sababu umri wa uongo siku ukigundulika unamharibia mchezaji na unaharibu madai ya klabu.

Mchezaji akifeli vipimo vya afya baada ya kusaini, tunaweza kumrudisha? (Msomaji, Morogoro)

Hamuwezi. Kanuni za FIFA, kifungu cha 18, zinakataza uhalali wa mkataba kutegemea vipimo. Pimeni kwanza, wino baadaye.

Kama kipengele cha kuvunja mkataba kilikuwepo, kwa nini Fei Toto hakuruhusiwa kulipa na kuondoka Yanga? (Msomaji, Unguja)

Kwa wasiokumbuka: Desemba 2022 Feisal Salum, ndiye Fei Toto, aliingiza shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya Yanga, milioni 100 za kuvunja mkataba na milioni 12 za mishahara ya miezi mitatu, akaaga. Yanga wakapeleka shauri TFF, na Januari 2023 Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ikasema bado ni mchezaji wao. Akaomba marejeo, akagonga mwamba. Ikaenda hivyo hadi Juni 2023, Rais Samia alipowaambia Yanga pale Ikulu walimalize suala lile, na siku chache baadaye akauzwa Azam FC. Msimu uliofuata akafunga mabao 19 ya ligi.

Sioni mshindi hapo. Kiungo bora wa Taifa Stars alikaa nje miezi kadhaa akiwa kwenye umri wake mzuri wa kucheza, na Yanga ilikosa huduma yake katika msimu ambao ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kipengele cha kuvunja mkataba lazima kiseme mambo matatu waziwazi: nani ana haki ya kukitumia, katika kipindi gani, na fedha zikishaingia kinafuata nini. Kikinyamaza kwenye moja, kila upande utakisoma unavyotaka. Na ninasema hili kwa uchungu: suala la mkataba wa kazi halikupaswa kumfikia mkuu wa nchi. Tuna kamati, tuna wanasheria wa michezo. Wachezaji waende na mwanasheria siku ya kusaini, wasisubiri siku ya kugombana.

Tumrudishe nyota wetu tuliyemuuza? Si ameshazoea mazingira? (Msomaji, Mwanza)

Clatous Chama alirudi Simba kutoka Berkane Januari 2022 na akaendelea kuisaidia timu. Luis Miquissone alirudi 2023, miaka miwili baada ya kuuzwa Al Ahly, na hatukumwona tena yule wa 2021. Uliza amecheza dakika ngapi msimu uliopita. Mazingira ni swali la mwisho.

Kwa nini FIFA wanazionea klabu zetu kwa kuzifungia kusajili? (Msomaji, Kariakoo)

Hawazionei. Klabu inafungiwa kwa sababu inadaiwa, imehukumiwa kulipa na haijalipa. Mwaka 2024 Yanga ilifungiwa kwa madai ya Lazarous Kambole, mshambuliaji aliyesajiliwa 2022 na ambaye mashabiki hawakumwona sana uwanjani. Kenya, Gor Mahia na AFC Leopards wamepitia adhabu hiyo hiyo kwa madeni ya wachezaji na makocha wa zamani. Mchezaji mliyemchoka bado ana mkataba. Asipolipwa miezi miwili, anaipa klabu notisi ya siku 15, na zikipita bila malipo ana haki ya kuvunja mkataba na kudai fidia.

Wanaolia kuonewa wakumbuke kwamba mlango huo huo ndio Simba walioubisha. Januari 2013 walimuuza Emmanuel Okwi kwa Etoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000, fedha haikuja, wakaenda FIFA kudai haki yao. Huwezi kuitaka FIFA iwe kali kwa unayemdai na laini kwako unapodaiwa.

Ndiyo maana nachukizwa na utaratibu wetu wa kila Julai. Klabu inatoa mkono wa kwaheri kwa wachezaji sita mtandaoni, picha nzuri, maneno matamu, huku watatu kati yao wana mwaka mmoja wa mkataba na hakuna aliyekaa nao mezani. Usiku huohuo anatambulishwa mpya. Shabiki, unapopiga makofi kwa anayekuja, uliza pia anayeondoka amelipwa nini. Viongozi wenu wanawasikiliza ninyi kuliko wanavyonisikiliza mimi.

Wachezaji wa kigeni 12 ni wengi mno, vijana wetu watacheza wapi? (Msomaji, Tanga)

Idadi hainisumbui sana kama nafasi wanazosajiliwa. Tazama mfungaji bora wa ligi: mzawa wa mwisho ninayeweza kukutajia katika miaka hiyo ni George Mpole wa Geita Gold, mabao 17 msimu wa 2021/22. Baada yake wakaja Mayele na Saido Ntibazonkiza, 17 kila mmoja, kisha Aziz Ki 21, kisha Jean Charles Ahoua 16 msimu wa 2024/25. Lakini msimu huo wa mwisho Clement Mzize, aliyepandishwa Yanga kutoka timu ya vijana, alifunga 14. Hakupewa namba kwa huruma wala kwa kanuni. Alifika akakuta washambuliaji wa kigeni, akapigana nao mazoezini.

Kinachonikera ni mgeni wa kukaa benchi. Unamleta beki wa akiba kutoka nje, unamlipia nyumba, kibali cha kazi na tiketi ya familia, acheze mechi nne, wakati Prisons au Coastal Union wana beki wa kiwango hicho hicho. Mgeni awe bora kuliko mzawa aliyepo, au asije.

Nani achague wachezaji, kocha au viongozi? (Msomaji, Nakuru)

Kati ya Novemba 2024 na Oktoba 2025, benchi la Yanga lilitoka kwa Miguel Gamondi likaenda kwa Ramovic, Hamdi, Folz, hadi Pedro Gonçalves. Simba walimpoteza Fadlu Davids kwa Raja Casablanca Septemba 2025, msimu ukiwa ndiyo kwanza unaanza. Makocha wanapita, mikataba ya wachezaji inabaki miaka miwili, mitatu. Kwa hiyo klabu iwe na mkurugenzi wa ufundi anayejua timu inataka kucheza vipi, na kocha atafutwe wa kufaa mpira huo. Kocha awe na haki ya kukataa mchezaji. Kuchagua peke yake, hapana.

Mdogo wangu ana miaka 17, timu ya Ligi Kuu imemuita aende kusaini wiki hii. Afanyeje? (Msomaji, Kigoma)

Dada, hili ndilo nililotaka kulijibu kuliko yote. Nimewahi kukaa hotelini nikimtazama kijana wa rika hilo akisaini. Karatasi zilikuwa za Kiingereza. Aliyemleta alizifunua moja kwa moja kwenye ukurasa wenye dau la usajili, akaweka kidole juu ya namba, kijana akatabasamu, akasaini hapo na kila alipoonyeshwa. Zikarudi zote kwenye bahasha, zikaondoka. Hakubaki na nakala hata moja.

Mdogo wako ni chini ya miaka 18, kwa hiyo mzazi au mlezi awepo na asaini naye. Mkataba usizidi miaka mitatu, hiyo ni kanuni ya FIFA kwa umri wake, hata wakimtajia mitano kwa furaha. Mshahara wa mwezi uandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, na tarehe ya kulipwa iwekwe. Dau likigawanywa kwa awamu, kila awamu iwe na tarehe yake. Ulizeni nani anagharamia matibabu akiumia na mwaka wa mtihani wake wa shule utakuwaje, majibu yaandikwe humo humo. Mtu anayejiita wakala aonyeshe leseni yake ya FIFA. Wakisema hakuna muda wa kusoma, mwambieni mdogo wako arudi nyumbani na karatasi, na akisaini atoke na nakala yenye sahihi na muhuri wa klabu, siku hiyo hiyo.