Kashata Ndefu Ziliniponza: Kuchagua Matairi ya Mvua kwa Gari la Spoti

Masika ya 2019, Jumapili jioni, nilikuwa narudi Dar kutoka Morogoro na Toyota Altezza yangu, RS200 ya gia za mkono, toleo la 2001. Chalinze tumeshaiacha nyuma, mvua imepungua imebaki manyunyu, mshale uko kwenye 90, nami namtambia shemeji aliyekaa kushoto kwangu: matairi haya bado mapya, si umeona kashata (vile vipande vya mpira vinavyokanyaga lami) zilivyo ndefu, gari limeng'ang'ania lami kama kupe.

Kabla ya kuufikia mto Ruvu kulikuwa na sehemu malori yameichimba lami mifereji miwili, na yote imejaa maji. Usukani ukawa mwepesi ghafla, kama vile mtu kaweka jeki mbele. Nikatoa mguu kwenye mafuta kwa pupa, na hilo likawa kosa la pili, maana Altezza inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Mkia ukatupita. Tulikuja kusimama upande wa pili wa barabara tukiitazama Chalinze, gurudumu moja likiwa kwenye majani. Hapakuwa na basi wala lori lililokuwa linakuja. Hiyo ni bahati, udereva wangu haukuhusika.

Shemeji alikaa kimya kitambo. Kisha akauliza, "Shem, ulisema mapya?"

Sura ya upya yalikuwa nayo. Yalikuja na gari kutoka Japani, na siku nalitoa bandarini nilifanya wanachofanya wengi: nikapitisha kidole kwenye kashata, nikaona kinazama, nikasema hapa nimeokoa hela. Siku chache baada ya ule mzunguko wa Ruvu ndipo nilipopiga magoti na tochi ya simu nikasoma ubavu wa tairi kwa mara ya kwanza. Kulikuwa na neno STUDLESS. Na ndani ya kiduara chenye umbo la yai kulikuwa na tarakimu nne: 4811. Yaani wiki ya 48 ya mwaka 2011.

STUDLESS maana yake ni matairi ya theluji na barafu yasiyo na misumari. Wajapani wa mikoa ya baridi huyafunga majira ya baridi yanapoingia, na magari mengi hununuliwa mnadani yakiwa bado nayo. Mpira wake umefanywa laini makusudi ili usikakamae kwenye baridi ya chini ya sifuri, na kila kashata imechanjwa vikato vyembamba kama vya wembe. Kwenye barafu ni mkombozi. Kwenye lami ya Pwani yenye joto, kashata hizo hulegalega kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Na mifereji mipana ya kupitishia maji ni michache, kwa sababu aliyelichora tairi alitaka mpira mwingi ugusane na barafu. Hapo ongeza umri. Miaka saba na zaidi ya jua na hewa inaukausha mpira, na ule ulaini wenyewe unapotea. Mimi nilikuwa na tairi lenye kasoro za pande zote mbili, lakini kidole changu kilikuwa kinazama vizuri tu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: urefu wa kashata ni jambo la tatu. La kwanza ni aina ya tairi, la pili ni umri.

Ila la tatu nalo si dogo, na hesabu yake inatisha. Tairi la upana wa milimita 215, likipita kwenye maji ya kina cha milimita 3 kwa mwendo wa 90, linatakiwa kuhamisha kama lita 16 kila sekunde. Tairi moja hilo. Fikiria umebeba ndoo ya lita 20 ambayo haijajaa sana, unaimwaga kila sekunde kutoka chini ya kila gurudumu la mbele. Maji yasipopata njia ya kutokea, yanajipanga mbele ya tairi, yanalinyanyua, na gari linaelea. Hapo usukani unageuza, breki unakanyaga, gari halisikii.

Tairi jipya la spoti huwa na kina cha milimita 7 hadi 8. Sheria za Ulaya zinaliruhusu mpaka 1.6, na ndani ya mifereji kuna vituta vidogo vinavyokuonyesha kuwa umefika hapo. Kwa mvua zetu mimi sisubiri vituta. Nina njiti ya kiberiti niliyoitia alama ya kalamu kwenye milimita 3, inakaa kwenye droo ya gari. Nikiitumbukiza na alama ikabaki juu ya uso wa tairi, naanza kutafuta hela.

Upepo nao watu wanaudharau. Kuna kanuni iliyotokana na utafiti wa NASA wa miaka ya 1960 kuhusu matairi ya ndege: chukua kipeuo cha pili cha psi (kipimo cha upepo wa tairi), zidisha kwa 10.35, unapata maili kwa saa ambazo tairi litaanza kuelea pale maji yanapokuwa mengi kuliko kashata zinavyoweza kuyapitisha. Tairi lenye psi 32 linakupa kama kilomita 94 kwa saa. Likishuka mpaka 24, kama kilomita 82. Gari la barabarani si ndege, lakini mwelekeo ni uleule: upepo ukipungua, unaelea mapema. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Ukikuta 230, hiyo ni kPa, sawa na psi 33. Pima asubuhi kabla ya kutembea, na nunua geji yako mwenyewe. Geji za sheli nimezipima tatu kwa siku moja, kila moja ikaniambia habari yake.

Sasa tuje dukani. Ukisema unataka "matairi ya mvua kwa gari la spoti," muuzaji atakuonyesha lenye michoro ya mishale kama miale ya radi. Michoro haina tatizo, lakini haikuambii mpira umetengenezwa na nini, na kwenye lami iliyolowa mpira ndio unaoshika. Mwaka 1992 Michelin walianza kuchanganya silika (unga unaotokana na mchanga) kwenye mpira badala ya kutegemea masizi peke yake, na tangu hapo matairi mazuri ya kampuni kubwa yamefuata njia hiyo, kwa kuwa silika inasaidia kushika kwenye maji. Kwa macho huwezi kuiona. Unachoweza kuona ni lebo.

Tairi linalouzwa Ulaya lina lebo yenye alama ya wingu la mvua na herufi. Tangu Mei 2021 herufi hizo ni A hadi E, na zinatokana na kipimo cha kufunga breki kwenye lami iliyolowa. Huku kwetu lebo mara nyingi imeshabanduliwa, lakini Umoja wa Ulaya una hifadhidata ya wazi mtandaoni inayoitwa EPREL. Unaandika jina la tairi na saizi yako, unaona herufi. Saizi usiiruke, maana tairi la jina lilelile linaweza kuwa A kwenye saizi moja na B kwenye nyingine. Mimi kwa gari la spoti sishuki chini ya B, na nikiweza nabaki A.

Kama tairi halimo humo, tafuta ubavuni namba ya idhini inayoanza na herufi E ndani ya duara. Karibu nayo huwa kuna kitu kama S2WR2. Hiyo W inasema tairi limefaulu kiwango cha chini cha kushika kwenye maji. Ni cheti cha kupita tu, halijapata daraja la kwanza, ila ni afadhali kuliko ubavu usiosema chochote.

Maandishi ya Kimarekani yapo pia: TREADWEAR, TRACTION, TEMPERATURE. TRACTION AA ni nzuri, lakini kipimo chake ni cha breki kwenye mstari ulionyooka. Kona haimo, kuelea hakumo. TREADWEAR (uwezo wa kutoisha haraka) yenye namba ndogo kama 200 huwa ni la watu wa kwenda kuchezea uwanjani: mpira unanata jua likiwaka, lakini mifereji ni michache. Rafiki yangu wa Nairobi ana Subaru WRX yenye matairi ya namna hiyo. Jumamosi za kiangazi hakuna anayemkamata. Mvua ikinyesha anaendesha kama amebeba mayai, na ana haki. Tena asidhani magurudumu manne yanayovuta yatamwokoa. Yanasaidia kuondoka, kusimama ni kazi ya mpira.

Wengine wameona mashindano ya Formula 1, wakaona tairi lenye mstari wa bluu, wanauliza kama linapatikana Kariakoo. Lile la mvua kubwa ni la mashindano tu, na hata wao lami ikianza kukauka hukimbilia kulibadilisha, kwani linajichoma. Sisi tunataka tairi la kiangazi la kawaida lenye alama za juu kwenye vipimo vya mvua, kwa sababu gari hilohilo litapita Kibaha saa nane mchana mwezi wa pili.

Sehemu ambayo marafiki wananicheka hadi leo ni upana. Gari lilikuwa na 215/45R17, yaani upana wa milimita 215 na rimu ya inchi 17. Kijiweni walinishauri nipande mpaka 235 nyuma, "lishike zaidi." Kwenye lami kavu, pengine. Kwenye maji, tairi pana ni kama kandambili na jembamba ni kama kisu: uzito ni uleule, lakini pana linausambaza, na maji ya kusukuma ni mengi zaidi. Mimi nikashuka. Nikachukua rimu za inchi 16 na saizi ya 205/55R16, ambayo Toyota wenyewe waliifunga kwenye baadhi ya Altezza. Kimo kinatofautiana kwa asilimia kama moja tu, kwa hiyo spidomita haidanganyi sana. Ubavu umeongezeka, mashimo hayaniui rimu. Faida kubwa zaidi ni kwamba 205/55R16 ni miongoni mwa saizi zinazouzwa sana duniani, basi kila kampuni nzuri inaitengeneza na majaribio yake ya kusoma yamejaa. Kwa ile ya zamani nilikuwa nachagulia kilichopo. "Umeishusha gari, kaka," waliniambia. Kweli, kwa sura imeshuka.

Nilinunua Continental PremiumContact 6. Si tairi kali kuliko yote, na kwenye kona kavu linalalama mapema kuliko Pilot Sport 4 ya Michelin, ambayo ningeichukua kama ningekuwa mtu wa kufukuzana. Bei ilikaribia mara mbili ya nililotaka kununua mwanzo. Nilisoma tarakimu za tarehe kwa kila tairi kabla ya kutoa hela, na moja nilirudisha kwa sababu lilikuwa limekaa ghalani miaka mitatu zaidi ya wenzake.

Kama hela inatosha mawili tu, yafunge nyuma. Najua fundi atakwambia mbele, kwa kuwa ndiko kwenye usukani. Mbele ikiteleza gari linakwenda moja kwa moja na bado una la kufanya. Nyuma ikiteleza, utaitazama Chalinze.

Na usiende kunywa chai wakati yanafungwa. Tairi lenye neno OUTSIDE linatakiwa neno hilo lionekane ukiwa umesimama nje ya gari. Lenye mshale na neno ROTATION linazunguka upande mmoja tu, ukiligeuza linapunguza uwezo wa kutoa maji. Pale nilipofungia, moja kati ya manne lilikuwa limeingia kinyume, OUTSIDE ikiangalia ndani. Nilimwonyesha kijana, akashangaa kwamba neno hilo lina kazi. Kilomita mia mbili za mwanzo nilikwenda polepole pia, kwa sababu tairi jipya hutoka kiwandani na utelezi wa kalibu (umbo linalofinyangia tairi), nao hauishi mpaka uso ukwaruzike.

Nimepita Ruvu mara nyingi tangu hapo. Mvua za kwanza za vuli ndizo ninazoziogopa zaidi, maana oili na vumbi la miezi yote ya kiangazi vinalainika pamoja, na hapo hata herufi A inakuwa mgeni. Kwenye ile mifereji ya malori nashuka mpaka 70 na kuweka magurudumu juu ya vituta vyake badala ya ndani. Usukani bado unavuta kidogo maji yakipiga, ila ule wepesi wa jeki sijausikia tena.

Siku ile ya kufunga, yale ya STUDLESS yalikuwa yamepangwa ukutani, kashata zake zikimeta. Fundi mkubwa akayapiga teke kidogo, akasema, "Bosi, haya unayaacha? Kuna mtu wa Noah atayachukua sasa hivi."

"Noah yake anapakia watu?"

"Ndiyo, si ni daladala hiyo."

Nikamwomba kisu. Alisonya, akakata ubavu wa mawili. Mawili yaliyobaki nilikata mwenyewe.