Kikombe kimeshaondoka mezani

SWALI: Shikamoo mama. Ninaongoza idara ya watu 26 katika kampuni inayosambaza vipuri. Miezi miwili iliyopita mkurugenzi aliniita akaniambia idara yangu itaunganishwa na ya jirani, leja tulizozoea zitaondoka na kazi yote itahamia kwenye mfumo wa kompyuta. Nani atabaki na nani ataondoka, bado. Akaniagiza nisifungue mdomo mpaka tangazo rasmi litoke. Nimenyamaza, lakini watu wameshanusa. Nikiingia chumbani maongezi yanakatika. Mtunza stoo wangu, mama mwenye miaka 19 kazini, ameanza kubeba vitu vyake nyumbani kimoja kimoja: kwanza kalenda, kisha picha ya wanawe, juzi kikombe. Haniulizi kitu. Kazi anaifanya vizuri kama siku zote, ila zaidi ya salamu hanisemeshi. Nikimwambia navunja agizo, nisipomwambia najiona mnafiki. Na mimi mwenyewe sijui kama nafasi yangu ipo. Nifanye nini?
*Meneja wa njia panda*

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama kwenye kikombe. Kalenda mtu huweza kuiondoa kwa sababu zake. Picha huenda anataka kuibadilisha fremu. Lakini kikombe ni kitu cha kila siku, na anayekibeba nyumbani ameshajihesabu kuwa hayupo. Wewe unajiuliza kama umwambie au usimwambie, naye ameshaambiwa. Ameambiwa na kukatika kwa maongezi, na mikutano yako ya milango kufungwa, na namna unavyokwepa macho yake mnapopishana. Kilichobaki kwake ni kujaza mwenyewe yale usiyoyasema, na mtu mwenye hofu hujaza kwa yaliyo mabaya zaidi.

Nakuambia haya kwa sababu niliwahi kufanya vibaya kuliko wewe. Nilikuwa mkuu wa utumishi katika kiwanda ambacho sitakitaja, mwaka tulipobadilisha namna ya kupima na kufungasha bidhaa. Tangazo la ukurasa mmoja nililiandika mwenyewe, nikalibandika ubaoni Ijumaa saa kumi jioni watu wakitoka, ili hasira ziishie nyumbani. Nilidhani ni busara. Mpimaji wetu wa siku nyingi alikuwa kwenye orodha ya wanaopunguzwa. Alimaliza notisi yake kimya, akaaga, akaondoka.

Miezi miwili baadaye wateja wakaanza kulalamika kwamba magunia yanapungua uzito. Mafundi wakaikagua programu mpya mstari kwa mstari, wasione kosa. Mwishowe nikaenda nyumbani kwa yule mzee. Alinikaribisha vizuri, akaingia ndani, akatoka na daftari lililofungwa kwa gazeti. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe upande wa kushoto na namba za penseli upande wa kulia: toa 200, toa 200, toa 350. Mizani yetu ilikuwa inazidisha. Kila asubuhi, kabla hatujafika, yeye aliipandishia jiwe la kilo 20, akaona imepotoka kwa gramu ngapi, kisha akasahihisha kwa mkono kutwa nzima. Kompyuta ilikuwa inaiamini mizani. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia. Akanijibu bila ukali: “Nilikaa wiki tatu za notisi nikingoja mtu aje nimkabidhi. Hakuja.”

Daftari lile alinipa. Sikuwa na haki ya kulichukua, lakini alinipa.

Kwa hiyo unaponiuliza ufanye nini, nakusihi kwanza uache kuamini kwamba watu wako wanayaogopa mabadiliko yenyewe. Wachache wako hivyo. Wengi huumia kwa kuhamishwa kama meza. Mwaka 1948 Lester Coch na John French walichapisha utafiti walioufanya katika kiwanda cha pajama cha Harwood, mjini Marion, jimbo la Virginia, Marekani. Badiliko lililoletwa kwa kundi moja la wapiga pasi lilikuwa dogo mno: zamani walipanga pajama nusu dazeni nusu dazeni juu ya kipande cha kadibodi, sasa wapange ndani ya boksi. Menejimenti iliwaita, ikawaeleza, ikajibu maswali, ikawaaga. Kazi ikadorora na haikuinuka, na ndani ya siku 40 asilimia 17 yao wakaacha kazi. Fikiria, kutoka kadibodi kwenda boksi! Kiwandani humohumo yalikuwapo makundi mengine ambayo wote walikaa na wakubwa, wakaonyeshwa kwa nini gharama lazima zipungue, wakashiriki kupanga kazi mpya ifanywe vipi. Huko hakuacha mtu, na baada ya muda kazi ikapanda mpaka asilimia 14 juu ya ilivyokuwa kabla.

Sehemu ninayoipenda zaidi haielezwi sana. Wale 13 waliobaki katika kundi la kwanza, lile lililodorora, walikusanywa tena baada ya kama miezi miwili na nusu, wakapewa kazi nyingine mpya, safari hii kwa kushirikishwa. Walishika kazi haraka na wakapita kiwango chao cha zamani. Ni watu walewale ambao bila shaka mtu alishawaita wakaidi. Kila meneja anaponiambia wafanyakazi wake ni wagumu kubadilika, huwakumbuka wale 13.

Sasa agizo la mkurugenzi. Sikushauri uvujishe siri. Huenda kuna mambo ya kisheria au ya fedha usiyoyajua, na ukimnong'oneza mmoja utakuwa umewageuza wenzake 25 watu wa kuokoteza. Lakini kutotoa siri ni jambo moja, kudanganya ni jingine. Akikuuliza mtu “Kuna nini?”, usimjibu “Hakuna kitu.” Neno hilo likishatoka, hata siku ukileta habari njema hawatakusikia. Mwambie lililo kweli: kuna mipango inajadiliwa, inaigusa idara yetu, siruhusiwi kuieleza sasa, na tarehe fulani nitakuja hapa kuwaambia nilichonacho. Kisha tarehe hiyo uende, hata kama huna jipya. Hasa kama huna jipya. Simama mbele yao useme bado sijaambiwa, tuonane tarehe nyingine. Watu huvumilia kutojua kwa muda mrefu ajabu, mradi wajue lini watakuja kujua na nani atakayewaambia.

Kabla ya hapo, rudi kwa mkurugenzi. Usiende kulalamika, nenda na hesabu. Mwambie habari imeshatoka, na kila wiki ya kimya inampunguzia watu wazuri kwanza, kwa sababu wao ndio wanaopata kazi kwingine upesi. Mkumbushe pia kwamba kupunguza watu si jambo la kutangaza tu. Mkataba Na. 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unataka wawakilishi wa wafanyakazi wapewe taarifa mapema na wasikilizwe pale mwajiri anapokusudia kuachisha watu kwa sababu za kiuchumi, za teknolojia au za muundo. Si kila nchi imeuridhia, lakini nchi nyingi zina sheria zao za kazi zenye sharti linalofanana na hilo. Kama mna chama cha wafanyakazi, muulize mkurugenzi kitaitwa lini. Swali hilo peke yake huweza kufungua mlango.

Tena mwombe tangazo lisije kwa barua pepe wala ubaoni. Mwaka 1990 mtafiti Jerald Greenberg aliandika kuhusu viwanda vya kampuni moja ya Marekani vilivyolazimika kukata mishahara kwa asilimia 15 kwa wiki 10. Katika kiwanda kimoja rais wa kampuni alikaa na wafanyakazi kama dakika 90, akawaonyesha hesabu, akaonyesha amesikitika, akajibu kila swali. Katika kingine wakapewa robo saa ya maneno machache. Wizi wa vifaa uliongezeka kote kuwili, lakini pale penye robo saa uliongezeka mno. Makato yalikuwa yaleyale. Kwa hiyo mkurugenzi wako akikuambia hana muda wa kukaa na watu saa moja na nusu, mwambie muda huo atautoa tu, ama sasa ama baadaye kwa njia nyingine.

Nimrudie mama wa stoo, maana kwa kweli ndiye uliyeniandikia habari zake.

Usimpe cheti. Usimwite mbele ya wenzake umsifu kwa miaka 19, atasikia kama risala ya kuagwa. Nenda stoo wewe, asubuhi, kabla mizigo haijaanza kuingia, uvute kiti ukae upande wake wa meza. Mwambie umeona kikombe hakipo. Anza na hilo, si na mfumo. Kisha nyamaza, umwache aseme au asiseme. Akisema, usimkatize kwa kumtuliza. Mameneja tuna tabia mbaya ya kukimbilia “usijali” kabla mtu hajamaliza kutaja anachokijali.

Siku ruhusa ikipatikana, huyo awe wa kwanza kukaa na watu wanaotengeneza mfumo mpya. Wao wataona leja, safu na jumla. Hawataona alama ndogo anayoweka pembeni ya kipuri kinachorudishwa mara kwa mara, wala hawatajua kwa nini boksi la rafu ya chini halichanganywi na la juu ingawa namba ni moja. Wewe mwenyewe pengine hujui. Mkalishe mezani kama mtu anayeujua mzigo, na jina lake liandikwe kwenye karatasi za kazi hiyo.

Ila kuna jambo hapa naomba ulishike kwa mikono miwili. Kama siku hiyo utakuwa umeshajua kwamba jina lake lipo miongoni mwa wanaoondoka, usimwombe awafundishe wengine kazi yake kabla hujamwambia. Usikamue ujuzi wa mtu halafu ndipo umkabidhi barua. Mwambie kwanza, umweleze atalipwa nini na lini, umpe siku ya kupumua, kisha umwombe. Kwa niliyoyaona, wengi hukubali. Mpimaji wangu angekubali, alikuwa anangoja kuombwa. Na hao watakaobaki watakuwa wanaangalia yote hayo, kwa sababu kila mmoja anajua kesho inaweza kuwa zamu yake.

Kuhusu nafasi yako mwenyewe: muulize mkurugenzi waziwazi, mkiwa wawili, katika kikao hichohicho. Unayo haki hiyo. Wala usiwafiche watu wako kwamba nawe hujui hatima yako. Hawatakudharau. Huenda ndipo watakapoacha kukatisha maongezi unapoingia.

SWALI: Mama, ofisini kwetu tulikuwa tisa, wakapunguzwa wanne mwezi uliopita. Mimi nilibaki. Badala ya kushukuru, usingizi sipati. Dawati la rafiki yangu liko mbele yangu, limefutwa vumbi, halina mtu. Kazi zake nimepewa mimi. Bosi anasema tusonge mbele. Sijampigia simu rafiki yangu tangu siku ile kwa sababu sijui nimwambie nini.
*Niliyebaki*

JIBU: Pole sana, mwanangu. Unachokihisi si udhaifu, na si wewe peke yako. Wanaobaki baada ya watu kupunguzwa mara nyingi hubeba mambo mawili kwa wakati mmoja, huzuni ya waliokwenda na hofu ya kufuata, na juu yake wanaongezewa kazi. Bosi anayesema “tusonge mbele” pengine naye hajalala.

Kuhusu kazi, andika kwenye karatasi kazi zako za zamani na hizi mpya, uende nayo kwa bosi umuulize ipi isimame. Usiseme zimekuzidi tu, mwonyeshe orodha achague. Ukizifanya zote kimyakimya kwa sababu unajiona una deni la kubaki, utaanguka, na deni hilo halipo.

Kuhusu dawati, omba ruhusa mbadilishe mpangilio wa chumba. Linaonekana jambo dogo, lakini hakuna anayepaswa kufanya kazi siku nzima ametazama kiti kitupu.

Na rafiki yako mpigie leo jioni. Usianze na habari za ofisi, wala usimwambie kwamba mambo yote hutokea kwa sababu. Mwambie umekosa la kusema mwezi mzima na ndiyo maana ulinyamaza. Halafu kuna faili moja miongoni mwa zile ulizorithi ambalo hulielewi, najua lipo. Usimuulize kuhusu hilo faili. Siku nyingine, si leo.