Kabla ya seva, ulizeni jina la tovuti limeandikishwa kwa nani

Mtoa mada, salamu kwako na kwa kikundi chako. Nimeusoma uzi tangu juu. Umesema mko wapenzi wa mashairi elfu tatu na ushei, mna miaka saba kwenye huduma ya bure ya kampuni ya ng'ambo, matangazo yamezidi mpaka ubeti haufiki mwisho bila kukatwa, na sasa mnataka kuendesha tovuti yenu wenyewe hapa Mombasa. Umeuliza ni pesa ngapi na muanzie wapi. Wenzangu wawili wamekujibu kuhusu ukubwa wa seva, ile kompyuta inayobeba tovuti. Mimi nakuomba uiweke seva kando kwanza, maana sisi tulihama, tukajitegemea, kisha tukapoteza, na kilichotupotezea hakikuwa seva.

Kuhama hameni. Kitu cha bure kikifungwa, mwenyeji hana deni nawe. GeoCities, iliyowapa watu kurasa za bure, ilifungwa 2009 na kurasa za watu zikaenda nayo. Yahoo Groups ilitangaza Oktoba 2019 kwamba itafuta yaliyomo, na Desemba 2020 huduma nzima ikazimwa. Vikundi vilivyokuwa havijachukua nakala vilibaki na kumbukumbu za kichwani tu. Kwa hiyo hapo sina la kuwapinga.

Sasa yetu. Tulikuwa na tovuti ya Mji wa Kale: picha za milango ya nakshi, majina ya vichochoro na nyumba, mashairi, na sauti za wazee wakisimulia mji ulivyokuwa. Mwenzetu mmoja, fundi wa kompyuta, ndiye aliyefanya kila kitu. Jina la tovuti alilinunua yeye, kwa imeli yake, akalipa kwa M-Pesa yake, na hata senti hakudai. Sisi tulimshukuru tukaendelea kupandisha picha. Hakuna aliyemuuliza funguo ziko wapi, kwa sababu kumuuliza hivyo mtu anayekutendea wema ilikuwa kama kumshuku.

Alifariki ghafla, Mungu amrehemu. Kwa miezi hakuna aliyeifikiria tovuti, na haikuwa wakati wake. Kisha asubuhi moja haikufunguka. Tulikwenda nyumbani kwake Kibokoni watu watatu. Mjane wake alitukaribisha, akatuwekea kahawa, akaingia ndani akarudi na simu ya marehemu amefunga kwenye leso. Ilikuwa haina chaji. Tukaiweka kwenye umeme tukasubiri, hakuna aliyesema neno. Ilipowaka ikataka ule mchoro wa kufungulia. Mama akajaribu mara mbili, ikakataa. Kijana wao wa miaka tisa, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema, "Baba alikuwa akifanya hivi," akachora kwa kidole hewani. Simu ikafunguka. Lakini imeli aliyosajilia jina haikuwa ile iliyo kwenye simu. Ilikuwa ya zamani, na ili ifunguke ilitaka tarakimu zinazotumwa kwenye laini aliyoiacha miaka mingi nyuma. Notisi za kulipia jina zilikuwa zikiingia kwenye sanduku hilo ambalo hakuna tena wa kulisoma.

Muda ukapita, jina likaachiwa, mtu mwingine akalinunua. Leo ukiliandika linakupeleka kwenye kamari. Mjukuu wa mmoja wa wazee tuliowarekodi alinipigia simu akilia: alitaka kuwasikilizisha wanawe sauti ya babu yao, akabonyeza linki yetu ya zamani, akakuta hayo.

Seva nayo ilikuwa kwenye akaunti hiyohiyo. Tulichookoa ni kile kilichokuwa kimehifadhiwa na Wayback Machine ya Internet Archive, maktaba ya mtandaoni inayotunza nakala za kurasa za zamani, pamoja na diski moja ya mwenzetu wa Bamburi iliyokuwa na picha za miaka miwili ya mwanzo. Sauti nyingi zimepotea, na waliozitoa wengi wameshatangulia.

Ndiyo maana nakwambia, kabla ya kununua chochote ulizeni jina litaandikishwa kwa nani. Majina yote yanayoishia na .ke yanasimamiwa na KeNIC, nanyi mnanunua kupitia msajili aliyeidhinishwa nayo. Kikundi kisicho cha biashara kinafaa .or.ke, ingawa wengi huchukua .co.ke. Kwenye sehemu ya mwenye jina andikeni kikundi, msiandike mtu. Ikiwa kikundi hakijasajiliwa, kisajilini: Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua kumi, na mkishapata cheti mnaweza kufungua akaunti ya benki kwa jina la kikundi. Imeli ya usajili iwe ya kikundi pia, na isiwe chini ya jina hilohilo la tovuti. Jina likizimika, imeli iliyo chini yake inazimika nalo, na hapo hata ile notisi ya kuwaokoa haiwafikii. Watu watatu wawe na uwezo wa kuingia. Sisi sasa tuna bahasha mbili zenye nenosiri na namba za akiba za kufungulia, moja kwa katibu, moja kwa mama mmoja wa Majengo asiyejua kompyuta hata kidogo lakini hajawahi kupoteza karatasi maishani mwake. Kila Januari tunazifungua, tunajaribu kama bado zinafanya kazi, tunazifunga upya.

Lipieni jina miaka kadhaa kwa mkupuo. Pesa hizo ni kidogo kuliko zote mtakazotumia.

Kuhusu maandishi na picha, angalieni yaliyowapata watu wa Wikitravel, mwongozo wa wasafiri ulioandikwa na watu wa kujitolea tangu 2003. Mwaka 2006 tovuti ilinunuliwa na kampuni ya Internet Brands. Waandishi wa Kijerumani wakaondoka mwaka uleule wakaanzisha Wikivoyage. Wa Kiingereza wakawafuata 2012, na Januari 2013 Wikivoyage ikafunguliwa rasmi chini ya Wikimedia, shirika lile la Wikipedia. Waliweza kuondoka na kurasa zote kwa sababu tangu mwanzo ziliandikwa chini ya leseni ya Creative Commons, ambayo humruhusu yeyote kuzichukua mradi awataje waandishi. Jina pekee hawakuweza kulichukua. Lilibaki kwa kampuni, wakalazimika kujitangaza upya kwa jina geni.

Ninyi bila shaka hamna leseni kama hiyo. Shairi ni mali ya mtunzi, na hapa Kenya hakimiliki inadumu miaka 50 baada ya kufa kwake. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, alifariki mnamo 1840, kwake hamna wa kumwomba ruhusa. Lakini shairi la mama aliyelipandisha mwaka jana si lenu kulihamisha hivihivi. Bandikeni tangazo sasa, wakati bado mko mahali pamoja, mumwombe kila mtunzi akubali kwa maandishi mafupi. Mkishatawanyika hamtawapata. Na asiyekubali aachwe na shairi lake, bila maneno.

Nenosiri za wanachama kwa kawaida hazihamishiki, kila mtu atajisajili upya. Hapo mtapoteza watu, jiandaeni. Sisi tulirudi na kama robo ya tuliokuwa nao, na ndio hao wanaoendelea kuandika mpaka leo.

Sasa nakala ya akiba, bekapu. Mafundi watawaambia ziwe nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali na nyingine. Ni kweli. Lakini nakala ambayo hamjawahi kuijaribu msiihesabu. Tulipojenga upya tulikuwa na bekapu kila Jumapili usiku, tukaridhika. Jumamosi moja tukasema hebu tuisimamishe tovuti nzima kwenye laptopu kuukuu tuone. Ikasimama. Kurasa zikafunguka, vichwa vya habari vyote vipo. Picha hata moja haikutokea: tulikuwa tukinakili databesi peke yake, yaani hifadhi ya maandishi, folda ya picha hatukuigusa. Kisha mwenzetu akafungua tenzi za mzee mmoja wa Kuze, ambaye hutunga na kuandika kwa hati ya Kiarabu kama walivyoandika wazee wetu. Beti zote zilikuwa zimegeuka alama za kuuliza. Mstari mzima, ????, na chini yake mwingine, na mwingine, mpaka mwisho wa ukurasa. Tarehe ipo, jina lake lipo, maneno hayapo. Databesi ilikuwa ikitolewa kwa mpangilio wa herufi za Kizungu tu, na herufi isiyoijua inaandika alama ya kuuliza. Tovuti ilikuwa bado hai, kwa hiyo tulirekebisha siku ileile, kila kitu kikawekwa utf8mb4, mpangilio unaobeba herufi za Kiarabu pia. Lakini mimi usiku ule sikulala vizuri. Kama seva ingekufa wiki moja kabla, tungempelekea mzee yule alama za kuuliza.

Ninyi ni watu wa mashairi. Kama mna hata mtunzi mmoja wa hati ya Kiarabu, anzeni na kurasa zake mnapojaribu.

Sheria ipo na inawahusu: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mkishaweka imeli na namba za simu za watu, mmebeba amana. Chukueni kidogo iwezekanavyo, na msiombe namba ya kitambulisho ya mtu anayetaka kusoma shairi tu. Data ikivuja kwa namna ya kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Data anatakiwa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu mjue. Kwa hiyo amueni mapema nani ataandika barua hiyo.

Kama seva iwe nchini au nje, mimi sibishani sana. Nyaya za baharini zinatua hapahapa kwetu, TEAMS na SEACOM tangu 2009, na zimewahi kukatika. Februari 2012 nanga ya meli iliukata TEAMS karibu na bandari yetu. Mei 2024 nyaya za SEACOM na EASSy zilikatika upande wa Afrika Kusini, intaneti ikawa ya kusukuma. Siku kama hizo tovuti iliyo ndani ya nchi humfikia mtu wa Kisauni bila taabu. Yetu iko Ulaya kwa sababu ya bei, na nakala moja kamili tunaiweka Mombasa.

Haya, pesa. Hesabu zetu wenyewe: jina shilingi 1,200 kwa mwaka, seva ndogo 1,000 kwa mwezi, mahali pa bekapu 300 kwa mwezi. Jumla 16,800 kwa mwaka. Cheti cha usalama ni bure kupitia Let's Encrypt, na programu ya tovuti yenyewe pia ni ya bure. Tuna watu arobaini wanaotoa shilingi 50 kila mwezi, zinafika 24,000 kwa mwaka, na zinazobaki ni akiba. Mweka hazina hubandika hesabu mbele ya wote kila mwezi, hata kama ni mstari mmoja. Usitegemee mfadhili mmoja mwenye moyo, hata akiwa tajiri. Nimeshakueleza kwa nini.

Gharama isiyoandikwa ni usingizi wa wasimamizi. Kwenye huduma ya bure kuna mtu mahali anayezuia spamu, nanyi hamumwoni. Mkihama, mtu huyo ni ninyi. Usiku mmoja wakati wa kuelekea Idi roboti zilituandikisha wanachama mia kadhaa kabla ya alfajiri, kila mmoja na tangazo lake la dawa, na waliosafisha ni dada wawili wa Likoni waliokuwa wanapika huku simu ikiwa kando ya sufuria. Tangu hapo mgeni hawezi kubandika mpaka mwanachama wa zamani amkubali. Pangeni zamu, na mwenye zamu apumzishwe kabla hajaomba.

Leo usiku muulize aliyefungua kikundi chenu imeli gani ilitumika, na nani mwingine anaweza kuifungua. Ukishapata jibu rudi hapa uniandikie, pamoja na ukubwa wa picha mlizonazo. Mimi na mwenzangu wa Bamburi tuna nafasi Jumamosi baada ya Alasiri, tunaweza kukutana pale Makadara na hiyo laptopu kuukuu tuijaribu nakala yenu pamoja.