Mtu mzima atakumbukaje alijifunza neno lini?

Ndugu, umeuliza mtu mzima atakumbukaje alijifunza neno akiwa na miaka mingapi. Hakumbuki, anakadiria. Jaribu mwenyewe: "kijiko" na "dhamana". Siku ulipoyasikia mara ya kwanza huijui, lakini husiti kusema lipi lilitangulia. Ukikusanya makadirio ya watu wengi na kutafuta wastani, makosa ya mmoja mmoja hupungua nguvu.

Mwaka 2016, mtafiti Magdalena Łuniewska na wenzake walichapisha makadirio ya umri wa kujifunza maneno 299 katika lugha 25, na mfuatano wa kujifunza maneno hayo ulifanana sana toka lugha hadi lugha. Kixhosa kimo, ndugu yetu wa Kibantu. Kiswahili hakimo, na hilo linaniuma.

Ila kwa watoto wadogo mimi namwamini zaidi mzazi. Kule Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti waliandaa orodha za maneno kwa Kiswahili na Kigiriama. Kwa kuwa wazazi wengine hawakujua kusoma, waliulizwa ana kwa ana, neno baada ya neno: mtoto analielewa? Analitamka? Mama hapo hakumbuki ya miaka thelathini iliyopita. Anaeleza alichokisikia asubuhi hiyo jikoni.