Maprofesa wawili, tasnifu moja

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya umahiri katika isimu ya Kiswahili, mwaka wa pili. Kwetu ni Wete, na tasnifu yangu inahusu msamiati wa uvuvi katika Kipemba, hasa kwa watu wa kisiwa cha Kojani. Nina wasimamizi wawili. Wa kwanza ni profesa mzee wa leksikografia, yaani utungaji wa kamusi. Ameirudisha sura yangu ya kwanza mara tatu akisema mada ni pana mno, nipunguze. Wa pili anafundisha semantiki, yaani elimu ya maana za maneno, naye anasema nilichoandika ni orodha ya maneno tu, hakina nadharia, niongeze. Mmoja punguza, mwingine ongeza. Nikimridhisha huyu namuudhi yule. Nimeshakusanya maneno 412 na sijui niyapeleke wapi. Wenzangu wameanza kuandika sura ya nne. Nimefika mahali naogopa hata kupita karibu na ofisi zao. Nifanye nini?

Mwanafunzi wa Pemba, aliyeko Dar es Salaam

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na penseli mkononi, kama nilivyozoea kusoma sura za wanafunzi wangu kabla sijastaafu.

Nianze na hilo la punguza na ongeza. Wasimamizi wako wametofautiana dawa, ila wote wawili wamebonyeza palepale panapouma. Tasnifu yako haijapata swali. Mada unayo, maneno unayo, watu wa kuwasaili unao, lakini katika barua yako yote sijaona jambo moja unalotaka kulijua. Mtu wa kamusi akiona maneno 412 yasiyofungwa na swali anaona kazi ya miaka kumi, kwa sababu anajua jinsi neno moja linavyoweza kumla mtu wiki nzima: maana zake, ngeli yake, wapi linasemwa na wapi halisemwi. Ndiyo maana anakwambia punguza. Mtu wa semantiki akiyaona maneno hayohayo anauliza yanahusianaje, na asipopata jibu anakwambia nadharia haipo. Ukipata swali, maneno yatapungua yenyewe na nadharia utajua uitafute wapi.

Nikuonyeshe kwa mfano, na nitauchukua kwenye maji ya kwenu. Bila shaka katika yale 412 limo bamvua na yamo maji mafu. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari ikajaa sana na kutoka sana. Maji mafu huja katikati ya vipindi hivyo, bahari isijae sana wala kutoka sana. Hayo kila mtoto wa pwani anayajua. Sasa mfikirie mama anayeshuka pwani kwa miguu kutafuta pweza. Kwake bamvua ndiyo siku ya kazi, maana maji yakitoka sana mwamba unabaki wazi. Halafu mfikirie mume wake mwenye ngalawa, anayehesabu mkondo, upepo na kina. Je, hawa wawili wanaugawa mwezi mmoja kwa majina yaleyale? Siku ambayo mama anasema bamvua limeisha, baba naye anasema limeisha, au kwake bado lipo?

Tazama kilichotokea. Kutoka maneno 412 umebaki na labda 30, yote ya maji na siku zake, na profesa wa kamusi hana tena cha kukwambia upunguze. Papo hapo umeingia kwenye uga wa kisemantiki, yaani jinsi watu wanavyoigawa sehemu ya maisha yao kwa maneno na kuweka mipaka, na profesa wa pili ana mahali pa kushika. Swali lenyewe si lazima liwe hili langu. Wewe umezaliwa huko, mimi nilikuja Pemba mara tatu tu. Huenda neno dago lina utajiri zaidi: wavuvi wa Kojani wanahama na vyombo vyao, wanapiga kambi ugenini kwa wiki nyingi kati ya watu wa lahaja nyingine, kisha wanarudi nyumbani. Wanarudi na maneno gani? Fungua daftari lako la nyanjani, tafuta pale ulipoandika kitu kilichokushangaza, pengine kwa haraka, pengine pembeni ya ukurasa. Anzia hapo.

Sasa niseme juu ya kujifunza kutoka kwa hawa walimu, maana naona ndilo linalokusumbua zaidi ingawa hukuliuliza hivyo.

Mwaka 1987 niliandika tasnifu ya umahiri juu ya maneno ya kilimo cha mpunga katika bonde la Rufiji. Sura ya pili, kurasa 38, niliipiga taipu usiku na kumpelekea msimamizi wangu asubuhi. Ilirudi baada ya siku tisa. Hakuandika sifa wala lawama. Pembeni, kwa penseli, aliandika maneno mawili tu: "Nani kasema?" Ukurasa wa 3. Ukurasa wa 5, mara mbili. Nilipozihesabu zilikuwa 11. Nilizisukuma zile kurasa mvunguni mwa kitanda bwenini na wiki nzima sikuzigusa.

Ile ya ukurasa wa 14 ndiyo iliyonifungua macho. Nilikuwa nimeandika kwamba Warufiji huita mlau kile kilimo kinachofuata mafuriko yanapopungua. Nani kasema? Nikarudi kwenye kaseti. Bibi mmoja aliyezaliwa bondeni, akahamishiwa kijijini wakati wa Operesheni Rufiji mwishoni mwa miaka ya 1960, alisema "wakati wa mlau", akimaanisha msimu. Mjukuu wake, aliyekulia kijiji kipya na kwenda bondeni kulima tu, alisema "nakwenda mlau", akimaanisha shamba. Niliwasikiliza wote wawili kwa masikio yangu, nikawachanganya wakawa "Warufiji". Sura ya nne ya tasnifu yangu, ambayo mtahini wa nje aliisifu kuliko nyingine, ilitoka kwa bibi yule na mjukuu wake. Bila penseli ya profesa ningewazika wote wawili katika sentensi moja.

Msimamizi mwenza alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Yeye sura haisomi mbele yako. Ukiingia ofisini kwake humimina chai kutoka kwenye chupa, huifunika karatasi yako kwa kiganja, kisha husema: "Nisimulie." Mara ya kwanza nilianza na Saussure, yule mwanaisimu wa nadharia. Akanikatiza: "Huyo namjua. Nisimulie habari za mpunga." Nilibabaika mpaka chai ikapoa. Nilipotoka nilijua sura ya kwanza imekaa nyuma mbele, ingawa yeye hakuwa ametamka neno hilo.

Ilinichukua karibu mwaka mzima kuelewa kwamba wa kwanza ananifundisha ushahidi na wa pili ananifundisha kupanga hoja, nami muda wote nilikuwa namdai kila mmoja kitu alicho nacho mwenzake. Kwa yule wa penseli nilikwenda na mazungumzo, akachoka nami. Kwa yule wa chai nilipeleka majedwali, hakuyafungua.

Wako pia ni mafundi wa kazi mbili tofauti, basi kila mmoja mfuate kwa kazi yake. Kwa profesa wa leksikografia usiende na malalamiko kwamba mada imepunguzwa mno. Chukua maneno matano, uyatafute kwanza katika kamusi za zamani: ya Krapf, 1882, kisha ya Sacleux na ya Johnson, zote 1939, kisha kamusi ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) ya 1981, na kamusi ya Kipemba ya BAKIZA (Baraza la Kiswahili la Zanzibar). Krapf alikaa Mombasa na Rabai, kwa hiyo humo utaisikia zaidi Mombasa kuliko visiwani. Sacleux alifanya kazi Zanzibar na Bagamoyo, na yeye hukuambia neno ni la lahaja gani. Kifaransa chake kisikutishe, omba msaada kwa mtu wa idara ya lugha za kigeni. Kisha mwulize mzee wako: neno hili Sacleux kalieleza hivi, mimi Kojani nimelisikia vile, kwa nini? Mtu aliyetumia maisha yake kwenye kamusi ukimpa swali kama hilo, atavuta kiti.

Kwa wa semantiki nenda na kadi. Andika kila neno kwenye kadi yake, na nyuma ya kadi uandike sentensi uliyoisikia na aliyeisema: mwanamke au mwanamume, umri, kazi. Zipange mezani kwake kama unavyodhani watu wa Kojani wanazipanga. Mwache azihamishe. Kila kadi atakayoihamisha, mwulize sababu, na uiandike sababu hiyo kabla hujatoka chumbani. Nadharia anayoitaka itakuwa ndani ya sababu hizo, na jina lake atakutajia mwenyewe.

Baada ya hapo, na si kabla, waombe wakutane nawe pamoja kwa nusu saa. Peleka ukurasa mmoja: swali lako, maneno utakayobaki nayo, watu utakaowasaili, na yale utakayoyaacha. Hayo ya mwisho ni muhimu, kwa sababu profesa akiona umeacha kitu kwa makusudi huacha kukuuliza kwa nini hakimo. Usiku uleule waandikie wote wawili barua fupi ya yale mliyokubaliana. Siku mmoja akisahau, na watu wazima wenye wanafunzi wengi husahau, utakuwa na barua na wala hutahitaji kubishana na mkubwa wako.

Ama hayo maneno mengine kama 380, usiyatupe. Yafunge vizuri, yaweke kama kiambatisho au yasubiri uzamivu.

Na hofu ya kupita karibu na ofisi zao. Mwanangu, aliyekurudishia sura mara tatu ameisoma mara tatu. Nimekaa kwenye idara, najua meza ya profesa inavyofanana mwezi wa Juni: tasnifu za watu, mitihani ya shahada ya kwanza, ripoti za kamati. Mtu huyo kavuta kurasa zako kutoka kwenye rundo lile mara tatu. Pita karibu na ofisi yake. Bisha hodi.

SWALI

Mwalimu, msimamizi wangu ana miezi mitano hajanijibu. Nilimtumia rasimu nzima ya tasnifu, kurasa 160, kwa baruapepe. Nikimpigia simu anasema "naipitia". Mwaka wa masomo unaisha na sina ada ya mwaka mwingine, nina watoto wawili wanasoma. Nimstahi mpaka lini?

Mama na mwanafunzi, Morogoro

JIBU

Pole sana, mdogo wangu. Mimi nilipokuwa kwenye uzamivu nilipoteza miezi saba kwa namna hiyohiyo, chuo nakiacha bila jina. Nilinyamaza nikidhani ndiyo adabu. Kumbe msimamizi wangu alikuwa anauguza, idara nzima inajua, hakuna aliyefikiria kuniambia mimi. Aliyenieleza hatimaye ni katibu muhtasi, siku nilipokwenda kuomba stapula.

Kwa hiyo nenda mwenyewe, na uanzie kwa katibu muhtasi. Anajua kama profesa yuko safari, yuko likizo au amebanwa na kamati, na anajua siku gani huwa ofisini bila wageni. Ukimpata profesa, usimuulize habari ya kurasa 160. Kurasa 160 kwenye simu ni mzigo ambao mtu huuahirisha kila jioni kwa nia njema kabisa. Mpelekee sura moja iliyochapishwa, ile inayokutia wasiwasi zaidi, kurasa 20 hivi, na juu yake maswali matatu yanayojibika kwa mistari miwili miwili. Mwombe akutajie siku ya kuja kuichukua, na uje siku hiyo.

Wiki mbili zikipita bila kitu, andika kwa mratibu wa masomo ya uzamili wa idara yako. Usimshtaki mtu. Taja tarehe uliyotuma rasimu, tarehe ulizofuatilia, na tarehe ya mwisho ya kuwasilisha tasnifu, basi. Na fomu ya taarifa ya maendeleo ikija, usijaze "naendelea vizuri" kwa kuona haya. Jaza ukweli, kwa sababu karatasi hiyo ndiyo itakayotazamwa ukiomba kuongezewa muda au msimamizi mwingine.

Habari ya ada: ulizia ofisi ya masomo ya uzamili wiki hii kama kuongezewa muda kwa sababu ya kuchelewa kwa msimamizi kunatozwa sawa na mwaka mzima. Ombi hilo huwa na tarehe yake ya mwisho. Usilipe chochote kabla hujapewa jibu la maandishi.