Mfarishi wa rangi moja kwa mabaki ya fundi: maswali yenu na majibu

Juni inakaribia na huku kwetu nyanda za juu kila mtu anafikiria cha kujifunika. Ndiyo maana maswali mengi ya safari hii ni ya mfarishi wa viraka, hasa ule wa rangi moja.

Shikamoo fundi. Nimeokota vipande vya bluu kwa mafundi wa Mwanjelwa, mfuko umejaa, lakini hakuna viwili vinavyofanana. Kimoja bluu bahari, kingine karibu kiwe cheusi, kingine kimepauka. Nisubiri nipate vinavyolingana? (Uyole, Mbeya)

Marahaba mwanangu. Usisubiri hata siku moja. Vipande vyote vikiwa bluu ileile, jasho lako lote litakupa shuka lenye mishono mingi, basi. Uzuri wa kazi hii unatokana na tofauti ya kuiva na kupauka, na hiyo tayari unayo.

Mwaga mfuko wote kitandani mchana, karibu na dirisha. Taa ya usiku inadanganya, bluu iliyoiva itaonekana nyeusi. Tenga mafungu matatu: vilivyoiva, vya kati na vilivyopauka. Ukisita, vipige picha kwa simu kisha iondoe rangi, picha ibaki nyeusi na nyeupe. Vinavyotoka na weusi sawa ni fungu moja, hata kama kwa macho kimoja kilikuwa kinaelekea kijani na kingine zambarau. Mimi hupenda vya kati viwe vingi kuliko vyote na vilivyopauka viwe vichache, maana jicho hukimbilia penye mwanga. Vikizidi, kazi inatawanyika.

Kisha vipange sakafuni kabla ya kushona kimoja. Unaweza kuweka vilivyopauka katikati na kuiva kidogo kidogo kuelekea pembeni, au kuvitawanya. Panda juu ya kigoda, uangalie kutoka juu. Viwili vilivyoiva vikikaa pamoja na kufanya doa, badilisha. Ukiridhika, piga picha nyingine ikukumbushe mpangilio.

Khanga ya bluu yenye maua meupe inahesabika kuwa bluu? Na lile jina lake, nilikate? (Mafinga)

Rudi nyuma hatua kadhaa uitazame. Ukiona bluu kwanza, ni bluu. Ukiona weupe kwanza, iweke kwenye fungu la vilivyopauka au iache. Vipande vyenye maua madogo vinasaidia sana, vinapatanisha fungu moja na jingine.

Jina usilikate vipandevipande, naomba. Maneno nusunusu yanavuta jicho na hayasomeki. Litoe zima kama ukanda, ulishone upande wa chini wa mfarishi, anayejifunika alisome.

Nichanganye kitenge, jinzi na vitambaa vya sketi za shule? (Tukuyu)

Kitenge na khanga vinaelewana vikiwa vya pamba. Jinzi ni nzito, ikishonwa na khanga itaivuta na mshono utachanika upande wa khanga. Jinzi ipe mfarishi wake peke yake, kwa sindano ya cherehani namba 16. Inastahili: wanawake wa Gee's Bend, Alabama, kule Marekani walishona mifarishi kwa nguo za kazi zilizochakaa, na mwaka 2002 ikawekwa kwenye maonyesho katika jumba la sanaa la Houston. Baadhi yake ni jinzi tupu, bluu juu ya bluu, magoti yaliyopauka yakiwa ndiyo pambo.

Vitambaa vya sare mara nyingi vina polista. Chomoa uzi, uuchome: pamba inanuka kama karatasi na kuacha jivu laini, polista inayeyuka na kuganda kama shanga. Sikatazi, lakini pasi ya moto itaviharibu.

Kitanda changu ni nne kwa sita. Nikate viraka vingapi? (Kihesa, Iringa)

Kitanda hicho ni inchi 48 kwa 72. Ongeza ili ushuke pembeni na kufunika mto, upate 60 kwa 84. Kiraka cha inchi 6 kikishashonwa, unahitaji 10 kwa upana na 14 kwa urefu, jumla 140. Kata kila kimoja inchi 6 na nusu, kwa sababu mshono unakula robo inchi kila upande. Robo hiyo iheshimu. Ukizidisha thumni ya inchi tu kila upande wa mshono, safu ya viraka 10, yenye mishono 9, inapungua inchi mbili na robo, na safu hazitakutana.

Kata kigezo cha boksi gumu, ufuate uzi wa kitambaa, usikate hanamu maana kitatanuka. Vipande vidogo unganisha kwanza, piga pasi, ndipo uweke kigezo juu.

Vipande vyangu vya rangi ya damu ya mzee vinachuja. Nifanye nini? (Njombe)

Fua kila kipande peke yake kabla ya kukata, tena na tena hadi maji yatoke meupe. Kisichokoma, kiache. Hata visivyochuja vifue, kwa kuwa pamba mpya hurudi, yaani hupungua ikifuliwa.

Ndani niweke nini kwa baridi ya huku? (Makete)

Blanketi kuukuu, safi. Halisogei wala halifanyi mabonge. Tandaza kitambaa cha chini, blanketi, kisha viraka, ushikize kwa pini kuanzia katikati kwenda nje. Halafu funga mafundo ya uzi mzito kwenye kona za viraka, sindano ikipita tabaka zote tatu. Tumia uzi wa rangi iliyoiva zaidi kwenye kazi yako. Uzi mweupe juu ya bluu utaonekana kuliko viraka vyenyewe.